Barua kwa mjomba: nimemuona Chale akilea mtoto

Mjomba shikamoo.

Najua huku mtandaoni huingii, ila binti yako ataiona hii na atakusomea, mwambie asiruke mistari.

Juzi umeme ulikatika nikabaki na simu na bando la usiku linaloisha saa kumi na moja, nikasema ngoja nimtafute huyu Charlie Chaplin, si ulikuwa unaniita chale kila nikivunja kikombe. Nikaipata The Kid ya mwaka 1921, picha bubu, hakuna anayeongea, ni muziki na maandishi mafupi. Nilijua ni mambo ya kudondoka na kupigana mateke tu. Mjomba nimelia, tena saa nane usiku nimejifunika shuka nisisikike chumba cha pili.

Mama mmoja hana mume wala uwezo, anaacha kichanga kwenye gari la matajiri, wezi wanaiba gari, wanamkuta mtoto, wanamtupa uchochoroni penye mataka. Stelingi, ndo Chaplin mwenyewe, anapita na kifimbo chake anamuokota. Sasa hapa ndo nikakukumbuka, maana hamtaki! Anamtumbukiza kwenye kigari cha mtoto wa mama mwingine, anafukuzwa, anamuachia mzee mmoja anakimbia, mtoto anamrudia tena, mpaka anakaa ukingoni mwa barabara anafunua kifuniko cha mtaro, anachungulia, anafikiria, anafunika, anabaki na mtoto. Nilicheka halafu nikanyamaza. Si wewe ulisema mbele ya ukoo kwamba mimi utakaa na mimi mwezi mmoja tu?

Miaka 5 mbele, dogo anavunja vioo vya watu kwa mawe, akishakimbia mzee wake, huyo huyo Chaplin, anatokea kona ile ile kabeba vioo mgongoni, fundi kajileta mwenyewe, haha. Nyumbani dogo ndo anapika chapati za maji, anapanga mezani, na mzee bado yuko kitandani. Halafu dogo anaumwa, daktari anaita watu wa kituo cha yatima, wanambeba kwa nguvu wanamtupa nyuma ya gari, analia kanyoosha mikono, na mzee anapita juu ya mapaa kuwafukuzia. Hapo ndo nilipoishiwa.

Nikasoma habari zake. Chaplin mwenyewe alikulia kwenye umaskini London, na akiwa na miaka 7 alishapelekwa makao ya maskini. Na mwaka 1919, muda mfupi kabla hajaanza kuipiga picha hii, mtoto wake wa kwanza alizaliwa akaishi siku 3 tu. Ukishajua hilo ukirudia pale juu ya mapaa huoni tena maigizo.

Yule dogo anaitwa Jackie Coogan, alikuwa na miaka 4 hivi walipoanza. Baada ya hapo akawa staa, akaingiza mamilioni ya dola, kufika utu uzima anakuta mama yake na baba wa kambo wameshazila, ikabidi awapeleke mahakamani, na California wakatunga sheria mwaka 1939 ya kulinda hela za watoto wasanii, mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Mama mzazi mjomba! Na wewe baiskeli ya marehemu baba uliitundika darini miaka yote ile, ukawa unatembea kwa miguu kwenda mnadani, mpaka miguu yangu ikafika pedeli.

Picha ina kasoro moja, karibu na mwisho kuna ndoto ya mbinguni, watu wana mabawa mpaka mbwa, ningekuwa mimi naikata yote.

Jumapili nakuja na laptopu nimeshaishusha, ni kama saa moja hivi haizidi sana. Kwenye malaika unaweza ukatoka ukafunge kuku. Unga nitabeba, chapati za maji nitapika mimi, wewe lala tu kitandani kama yule mzee.

Mwanao wa mwezi mmoja.