Barua kwa kocha: kuhusu 393 kwa wiketi 8 pale Edgbaston

Jinja

Kocha wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sote tu wazima, na mvua hii imenipa nafasi ya kukujibu kwa utulivu.

Umeshikilia kwamba nahodha wa Uingereza, Ben Stokes, aliipoteza mechi ya kriketi ya siku tano dhidi ya Australia pale Edgbaston, Birmingham, siku ile ile ya kwanza, tarehe 16 Juni 2023, alipofunga zamu ya Uingereza (yaani aliisimamisha kwa hiari kabla wapigaji wote hawajatolewa) kwa mikimbio 393 na wiketi 8, maana yake wapigaji 8 kati ya 10 wa kutolewa walikuwa wametoka, huku mpigaji wake Joe Root akiwa na 118 na hajatolewa. Australia walishinda siku ya tano kwa wiketi 2, yaani walifikia lengo wakiwa wamebakiwa na wiketi 2 tu, nawe unasema mikimbio 30 aliyoitupa jioni ile ndiyo iliyowaangamiza. Hata mimi naona alikosea kufunga. Lakini sababu yako siikubali, na naomba uniachie nieleze, kwa maana vijana wako watasikia hoja hiyo kutoka kwako na kuibeba hivyo hivyo.

Hiyo 30 ilikuwa inatoka wapi? Root alikuwa anapiga na Ollie Robinson, na aliyebaki kuingia ni James Anderson peke yake, mrushaji asiye hodari wa kupiga. Uingereza walikuwa wanakwenda kwa mikimbio 5 kila ova, yaani kila mipira sita (393 ndani ya ova 78), kwa hiyo ova zilizobaki zingeweza kuleta 20, pengine 30, kama hakuna anayetoka. Wiketi ya Robinson ikianguka, nahodha wa Australia Pat Cummins anawasukuma wadakaji wote mpakani, anamwachia Root mkimbio mmoja mmoja, halafu anamwandama Anderson. Na lengo la ushindi la Australia likiwa 311 badala ya 281, wapigaji wa Australia siku ya tano wangepiga kwa mwendo mwingine kabisa. Huwezi kuongeza 30 kwenye ubao wa Ijumaa ukategemea Jumanne ibaki ilivyokuwa.

Mimi namhukumu kwa njia nyingine. Anayefunga zamu mapema ananunua kitu, kwa hiyo tuangalie alichonunua pamoja na bei aliyolipa. Stokes alinunua ova 4. Kubadilisha zamu kunakula dakika 10, yaani ova 2 zinakwenda bure. Alichokitaka kinaeleweka: wapigaji wawili wa kufungua zamu ya Australia waliosimama uwanjani ova 78, miguu mizito, mpira mpya mgumu wenye mshono uliosimama, na mrushaji wake wa kasi Stuart Broad dhidi ya mmoja wao, David Warner. Broad huyo huyo alimtoa Warner mara 7 katika zamu 10 mwaka 2019. Kwenye karatasi ni wazo zuri.

Ila mpira mpya hauli wiketi kwa upya wake tu. Unahitaji unyevu hewani, au majani kwenye pichi (ule ukanda wa katikati mpira unapodundia), au mwanga hafifu. Siku ile pichi ilikuwa bapa na kavu. Na hapa sisi wa huku tunaweza kudanganyika kirahisi, kwa sababu jua letu huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima na giza huingia upesi, hivyo mtu akisikia "ova za jioni" anaona kiza. Birmingham katikati ya Juni jua huzama kama saa tatu na nusu usiku. Stokes alipowaita wapigaji wake ndani, jua lilikuwa bado liko juu. Australia wakamaliza siku na mikimbio 14, hakuna aliyetoka.

Kuna jambo dogo pia ambalo manahodha wengi hulisahau. Sheria inampa nahodha anayekwenda kupiga haki ya kupitisha rola, yaani gurudumu zito la kusawazisha, kwenye pichi kwa dakika 7 kabla ya zamu kuanza, na tena dakika 7 kabla ya mchezo wa siku inayofuata. Ukifunga jioni badala ya asubuhi, unampa mpinzani rola mara mbili.

Sasa linganisha na Mount Maunganui, New Zealand, Februari ya mwaka huo huo. Stokes alifunga siku ya kwanza kwa 325 na wiketi 9, baada ya ova 58 na mipira 2 tu. Huo ni uthubutu mkubwa kuliko wa Edgbaston! Lakini mechi ile ilichezwa mchana na usiku, kwa mpira wa rangi ya waridi ambao huanza kucheza taa zinapowashwa, na alijiachia ova za kutosha. New Zealand walilala na 37 kwa wiketi 3, na Uingereza wakashinda kwa mikimbio 267. Nahodha ni yule yule, wazo ni lile lile, ila bidhaa ilikuwepo. Rawalpindi, Desemba 2022, vivyo hivyo: alifunga siku ya nne kwa 264 na wiketi 7, akawapa Pakistan lengo la 343 ambalo lingeweza kufikiwa kabisa. Kwenye pichi iliyokufa kama ile, asingewashawishi wapige, wangezuia tu hadi sare. Uingereza walishinda kwa mikimbio 74, mwanga ukikaribia kwisha.

Kufunga kwa kumlenga mtu mmoja nako kuna hatari yake. Adelaide, Novemba 2016, Faf du Plessis wa Afrika Kusini alifunga kwa 259 na wiketi 9, naye mwenyewe akiwa na 118 na hajatolewa, kama Root. Warner alikuwa nje ya uwanja akitibiwa, na kwa mujibu wa sheria asingeruhusiwa kufungua mara moja. Werevu mtupu! Badala yake akafungua Usman Khawaja, akapiga 145, na Australia wakashinda kwa wiketi 7. Edgbaston nako, aliyelengwa ni Warner, aliyewatesa ni Khawaja: 141 zamu ya kwanza na 65 ya pili. Nahodha akimtazama sana mmoja, humsahau aliye upande wa pili wa pichi.

Hata hivyo, kwa haki, asubuhi ya siku ya pili Broad alimtoa Warner akiwa na 9 na mpira uliofuata akamtoa Marnus Labuschagne bila mkimbio. Mpira ule ulikuwa na ova chache tu. Kwa hiyo usiseme hakupata kitu.

Ukitaka kujua mechi iliponyokea wapi, tazama kwingine. Mlinda wiketi wa Uingereza, Jonny Bairstow, alikosa kumtoa Cameron Green wa Australia kwa kuangusha stampu (vile vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji) kabla hajapata hata mkimbio mmoja. Akaangusha mpira wa kudaka wa Alex Carey akiwa na 26, Carey akafika 66. Broad aliangusha stampu za Khawaja akiwa na 112, kumbe mguu wa Broad ulishavuka mstari, mpira haukuhesabiwa. Khawaja akaongeza 29 nyingine. Hiyo ndiyo 30 yako, kocha, na haina uhusiano na kufunga zamu.

Na siku ya tano. Carey alipotoka, Australia walikuwa 227 kwa wiketi 8, bado 54. Mpira mpya huruhusiwa baada ya ova 80. Stokes aliuacha kwa ova chache, akaendelea na Root kama mrushaji na mpira mkuukuu, na Cummins akampiga sita mbili (mipira miwili iliyovuka mpaka hewani) katika ova moja. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi mbaya zaidi kuliko ule wa Ijumaa, kwa kuwa wapigaji wa mkiani huchukia mpira mgumu unaoruka hadi mbavuni. Nathan Lyon, mwenzake Cummins, akiwa na 2 alipiga juu upande wa mguu, Stokes akaruka kinyumenyume kwa mkono mmoja, mpira ukagusa kiganja na kuponyoka. Cummins alimaliza na 44, Lyon 16.

Lililo zuri tusilifiche. Siku ya tatu, kumtoa Khawaja, Stokes aliwapanga wadakaji sita mbele yake kwa mduara, watatu kila upande, karibu naye. Khawaja alitaka kupiga juu yao, akatoka kwenye mstari wake, na mpira wa Robinson ukapita chini ya gongo hadi kwenye stampu. Wafundishe vijana hilo.

Jambo linaloniuma zaidi ni Manchester, Julai. Mvua ilikwishatabiriwa kwa siku mbili za mwisho. Pale ndipo muda ulikuwa na thamani, lakini Uingereza walipiga hadi wakatolewa wote kwa 592, Bairstow akibaki na 99. Siku ya nne ilichezwa kipande, ya tano haukurushwa mpira hata mmoja, na mechi ikawa sare. Waliofunga jua likiwaka hawakufunga mawingu yakija.

Kwa ile mechi yenu ya siku mbili pale Kampala, nahodha wako asiulize "tuna mikimbio mingapi" kwanza. Ahesabu ova zilizobaki, atoe 2 za kubadilisha zamu, atazame mawingu ya alasiri, kisha ajiulize kama mrushaji wake wa kasi ana nguvu za ova 6 kamili jioni ile. Zikiwa chini ya hapo, apige hadi kesho. Na wadakaji wa slipi, wale wanaosimama nyuma ya mpigaji kando ya mlinda wiketi, wawe wamefanya mazoezi siku hiyo hiyo, maana ova za namna hii huleta nafasi moja tu.

Nijibu hili: ungekuwa wewe, bado 54, wiketi 2, ungeuchukua mpira mpya pale pale ova ya 80 ilipokwisha, au ungemwachia Root?

Nisalimie mama watoto na vijana wote wa timu.

Rafiki yako wa Jinja