Malalamiko: mpira wa kuita msaada haukufanya kazi, na ripoti inataja kipimo ambacho sikufanyiwa

Kwa Meneja wa Kituo cha Vipimo vya Picha

Ndugu Meneja,

YAH: KIPIMO CHANGU CHA MRI (PICHA ZA MASHINE YA SUMAKU) YA UBONGO

Ripoti yenu iko mbele yangu ninapoandika barua hii. Mstari wake wa pili unasema picha za ubongo wangu zilipigwa kabla na baada ya kuchomwa dawa ya mshipani, ile inayofanya uvimbe ung'ae kwenye picha. Siku ile sikuchomwa sindano yoyote. Hakuna aliyenifunga mpira mkononi, hakuna aliyetafuta mshipa, sikuona hata pamba. Naomba uanze kusoma malalamiko yangu ukiwa na jambo hilo akilini, kwa sababu mengine yote yanaelekea huko.

Nina kizunguzungu cha miezi mitano sasa. Kiko cha namna mbili. Cha kwanza huja nikilala chali na kugeuza kichwa kulia: dari linazunguka kwa nguvu, nashika godoro, baada ya nusu dakika hivi linatulia. Cha pili hakina fujo ila ndicho kinachonitisha. Nikiwa nimesimama darasani nahisi navutwa kuelekea kulia, kama mtu aliye ndani ya mtumbwi, na sikio la kulia linavuma mchana na usiku. Mimi ni mwalimu. Mara mbili wanafunzi wamenidaka nisianguke.

Daktari wangu alinilaza ghafla kitandani kichwa kikiwa kimegeuzwa, akayatazama macho yangu yalivyokuwa yakicheza, akaniambia kile cha kwanza kinatokana na chembe ndogo za chokaa zilizobanduka ndani ya sikio na kuingia kwenye mifereji inayotupa mizani ya mwili. Chembe hizo hata MRI haizioni, na hazihitaji picha. Mgonjwa huzungushwa kichwa kwa hatua maalumu mpaka zirudi mahali pake. Lakini kipimo cha usikivu kilionyesha sikio la kulia linasikia chini ya la kushoto. Upande mmoja tu, na mvumo upande huohuo. Hapo ndipo alipotaka kuuona mshipa wa fahamu wa usikivu na mizani, ahakikishe hakuna uvimbe unaoota juu yake. Alinieleza kwamba uvimbe wa aina hiyo kwa kawaida si saratani na hukua taratibu, ila ukiachwa unaweza kuja kugandamiza shina la ubongo. CT-Scan, ile inayopiga picha kwa eksirei, aliikataa kwa sababu mifupa minene ya nyuma ya fuvu huharibu picha ya sehemu hiyo. Akaandika kwa mkono wake: MRI ya ubongo pamoja na picha za vipande vyembamba vya njia za masikio ya ndani, kabla na baada ya dawa. Akanipimisha figo kwanza, maana dawa yenyewe hutolewa mwilini na figo. Majibu ya figo niliyaleta kwenu. Nilipoondoka yalikuwa bado ndani ya bahasha, hakuna aliyeyaomba.

Sitaki kuwasingizia. Mapokezi nilihudumiwa vizuri. Niliulizwa mara mbili, na watu wawili tofauti, kama nina betri ya moyo, kipande chochote cha chuma mwilini au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, na nikavuliwa hereni na pini za nywele. Hapo mlikuwa makini, na nilijisikia niko mikononi mwa watu wanaojua kazi. Fomu iliniuliza kama naogopa sehemu zilizobana. Haikuniuliza kama nikilala chali natapika, ingawa sababu ya mimi kutumwa kwenu ilikuwa imeandikwa juu ya karatasi ya daktari: kizunguzungu, hasa akilala.

Kijana wa chumba cha mashine alinilaza kwa haraka. Dari likazunguka. Nikamwambia ngoja kwanza, akanijibu, "Tulia mama, itapita," huku akinifunga kile kizimba cha plastiki usoni. Kwa kweli ilipita. Akanipa vizibo vya masikio, akaniwekea mpira mdogo kwenye kiganja cha kulia, akasema nikipata shida niubonyeze. Hakuniambia niujaribu. Kitanda kikaingia ndani.

Nawaomba wenye mamlaka hapo kituoni mlale wenyewe mle ndani, angalau mara moja. Kichwa hakigeuki. Pua iko karibu na plastiki, na juu yake kuna kioo kidogo kinachokuonyesha miguu yako na mlango. Mashine ikianza inagonga kwa kelele zinazoweza kupita desibeli 100, mara nyundo, mara kama mlio wa kengele ya hatari, na kila pigo la sauti unalisikia kwenye meno. Mshiko wako pekee na dunia ya nje ni ule mpira.

Awamu ya kwanza na ya pili ya kelele nilizivumilia. Katika ya tatu nilianza kuhisi nazungushwa, ingawa sikuwa nimetikisa hata ukope. Daktari wangu alikuja kunieleza baadaye kwamba sumaku kali yenyewe inaweza kuchokoza sikio la ndani, kwa kuyasukuma majimaji ya mizani. Watafiti wa Marekani walilionyesha hilo mwaka 2011. Wakati ule sikulijua. Nilichojua ni kwamba mate yamejaa mdomoni, na tumbo linapanda.

Nikabonyeza mpira. Kelele zikaendelea. Nikabonyeza tena kwa nguvu mpaka kucha zikanichoma kiganjani. Nikapiga kelele, "Nitoeni!" Sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Awamu ile ikaisha, pakawa kimya, nikasema moyoni sasa anakuja. Niliita kwa jina la kazi yake, nikaita "mwanangu", nikaita mtu yeyote. Kwenye kile kioo niliuona mlango umefungwa. Kisha mashine ikaanza upya.

Nilitapika nikiwa nimelala chali, uso umefungiwa. Ndugu Meneja, nakuomba usiisome sentensi hiyo upesi. Mtu anayetapika akiwa chali, kichwa hakiwezi kugeuka, anaweza kuvuta matapishi yakaingia kwenye mapafu. Nilisukuma kichwa pembeni kwa nguvu zote, nikapata nafasi ya vidole viwili hivi, na hiyo ndiyo iliyoniokoa. Halafu nikaanza kupiga magoti kwenye ukuta wa mashine. Sijui nilipiga mara ngapi.

Kitanda kilipotoka, neno la kwanza la yule kijana lilikuwa, "Mama umetikisika sana, picha zimeharibika." Nadhani alisema hivyo kwa sababu ndicho alichokiona kwenye kompyuta yake, kabla hajaniona mimi. Aliponiona alishtuka, na akanisaidia kwa upole, hilo lazima niliseme. Alinifuta uso kwa shuka. Nilipokaa nikaona mrija wa ule mpira umelala sakafuni chini ya kitanda, ncha yake haijachomekwa popote. Mpira ule unafanya kazi kwa hewa inayosukumwa kwenye mrija. Nilikuwa nabonyeza hewa ya chumba. Nilimwonyesha. Akauokota, akautazama, hakusema kitu. Baada ya muda akaniambia alikuwa ametoka kidogo kwenda chumba cha pili kumhudumia mgonjwa wa CT, kwa kuwa zamu ile alikuwa peke yake.

Sijaandika barua hii ili kijana huyo afukuzwe. Mtu mmoja hawezi kuchunga vyumba viwili, na aliyempanga hivyo ndiye anayepaswa kunijibu. Kumwambia mgonjwa, "Bonyeza kidogo nisikie," ni jambo la sekunde tano. Kama lingefanyika, mrija ungeonekana hauko mahali pake kabla sijaingia ndani.

Kipimo hakikuendelea. Nilikuwa natetemeka, nguo zimelowa, nikaambiwa niende nyumbani, picha zilizopatikana zitasomwa, na kama hazitoshi nitapigiwa simu. Nililipa kipimo kizima pamoja na dawa, na risiti ninayo.

Simu niliyopigiwa ni ya siku ya tatu. Dada wa mapokezi aliniambia kwa furaha majibu yametoka, "uko sawa kabisa mama." Nilikaa chini nikalia. Niliwaambia watoto wangu, na usiku ule tulilala usingizi ambao hatukuwa tumelala tangu kizunguzungu kianze. Miadi ya daktari ilikuwa bado wiki tatu, na nilikaribia kuiahirisha. Ya nini kumsumbua, na ubongo uko salama? Nilikwenda kwa sababu tu sikio lilikuwa halijaacha kuvuma.

Daktari alisoma ripoti kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baadaye akaingiza diski ya picha zenu kwenye kompyuta ili anionyeshe, na hapo akanyamaza. Alikuta mafungu manne ya picha. Mawili yameharibika kwa kutikisika kiasi kwamba kingo za ubongo zimejirudia kama picha ya mtu aliyepita mbele ya kamera. Vipande vyembamba vya njia za masikio havikuwepo. Picha za baada ya dawa hazikuwepo. Akaniuliza kama nilichomwa sindano. Nikamwambia hapana. Akaisoma ripoti tena, safari hii kwa sauti: mishipa ya fahamu ya masikio yote mawili ni ya kawaida, hakuna kilichong'aa baada ya dawa.

Ni nani aliyeuona mshipa wangu wa sikio kwenye picha ambazo hazikupigwa? Mimi si mtaalamu, lakini miaka yote nimesahihisha madaftari, na najua kazi iliyonakiliwa inavyokuwa. Yaonekana mna ripoti iliyokwisha kuandikwa ya mtu asiye na tatizo, na mimi nikabandikwa jina langu juu yake. Kama sivyo, nielezeni. Na kama ndivyo, kuna wagonjwa wengine wangapi wanaotembea na karatasi kama yangu, waliolala usingizi ule tuliolala sisi?

Hilo limeniumiza kuliko kutapika. Kule kwenye mashine nilijua niko hatarini, nikapiga magoti. Kwa ripoti hii nisingepiga chochote. Ningekaa nyumbani nikishukuru.

Ninayoyataka nayasema wazi. Ripoti ile ifutwe kwa maandishi, na daktari wangu apelekewe barua inayosema ni picha zipi hasa zilipigwa, zipi ziliharibika na zipi hazikupigwa kabisa. Picha zenyewe zote zihifadhiwe kama zilivyo, zisiguswe. Nirudishiwe fedha yangu yote, si nusu na si vocha ya kurudi kwenu, kwa sababu kipimo nitakirudia mahali pengine. Mle ndani ya chumba chenu siwezi kuingia tena, na nimejaribu kujilazimisha hata kwa kufikiria tu nikashindwa. Nataka pia kuonyeshwa kumbukumbu ya tukio la siku ile. Ikiwa halikuandikwa popote, nielezwe kwa nini mgonjwa kutapika akiwa amefungiwa kichwa si jambo la kuandikwa.

Kuhusu wanaokuja baada yangu, sina mamlaka ya kuwaamuru, nawaomba. Ongezeni swali moja kwenye fomu yenu: ukilala chali unapata kizunguzungu au kutapika? Anayejibu ndiyo alazwe polepole, asubiri chumba kitulie machoni pake, aulizwe kuhusu dawa ya kuzuia kichefuchefu kabla ya siku ya kipimo, na asiachwe peke yake hata dakika moja. Wapo wengi wanaotumwa kupigwa picha ya ubongo kwa sababu ya kizunguzungu. Kwenu sisi si wageni.

Daktari amenipangia kipimo kingine mwisho wa mwezi huu, na anahitaji maelezo yenu kabla ya hapo ili ajue aanzie wapi. Kwa hiyo natarajia majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Msinipigie simu. Nimeambatisha nakala ya karatasi ya daktari, risiti, majibu ya figo ambayo hayakuombwa, na ukurasa wa kwanza wa ripoti yenu, nikiwa nimepigia mstari yale maneno "baada ya dawa".

Wenu,

Mgonjwa mliyempima
(jina na namba ya faili vimo kwenye viambatisho)