"Msiwaguse masihi wangu" isitumike kunyamazisha wajane

Ndugu Mhariri,

Msimu wa korosho ukifika huku Masasi hela za mnada zikianza kuingia ndo mahubiri ya utii yanapamba moto. Kuna mama mjane mtaani kwetu, malipo yake ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yameingia benki juzi, hata madaftari ya watoto hajanunua, kaambiwa apeleke malimbuko yote, yaani hela yote ya mavuno ya kwanza, madhabahuni, alipouliza kama anaweza kutoa nusu akaambiwa ana roho ya uasi na anayempinga baba wa kiroho anampinga Mungu. Kanisani kimya, maana mstari ulishasomwa, msiwaguse masihi wangu, yaani wapakwa mafuta wa Mungu, na wachungaji wanasema ndo wao.

Jamani huo mstari uko Zaburi ya 105, anzeni kusoma kuanzia juu, unamzungumzia Ibrahimu na Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache wanatangatanga nchi za watu, na wanaokemewa pale ni wafalme. Yaani Mungu anamlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, leo mwenye maiki ndo anautumia kumtisha mjane!

Sipingi uongozi. Waebrania 13 inasema tuwatii wanaotuongoza na mimi nawatii kabisa, ila hapohapo inasema nao watatoa hesabu. Petro mwenyewe aliyekabidhiwa kondoo na Bwana anawaandikia wazee wasijifanye mabwana juu ya kundi, na alipoteleza kule Antiokia Paulo alimpa ukweli wake mbele ya watu wote, ipo Wagalatia 2, na hakuna aliyemwita Paulo muasi. Halafu kuna Samweli, huyu nampenda sana, kazeeka, kasimama mbele ya Israeli yote anawauliza nimechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, nimemdhulumu nani, semeni nirudishe.

Na hili la kufunikwa na baba wa kiroho, yaani kuwa chini ya mamlaka yake katika kila kitu, siyo geni, Marekani miaka ya 1970 walimu watano wa Fort Lauderdale walifundisha kila muumini awe chini ya mchungaji wake binafsi, ikafika watu wanaomba ruhusa ya kuoa na kuhama kazi, familia zikaumia, baadaye wawili kati ya hao watano, Derek Prince akajitoa na Bob Mumford akaomba radhi hadharani.

Kwa hiyo wachungaji wetu wa Mtwara na Lindi, ombi langu ni moja, Jumapili moja msimu huu simameni msome mapato na matumizi ya kanisa, mruhusu maswali, na huyo mama akiuliza ajibiwe kama mama yenu.

Muumini,
Masasi, Mtwara