Ukimtuma mhudumu, mwambie akuite lini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wahudumu wa afya, yaani wasaidizi wa wodini wasio wauguzi, wale ambao wagonjwa wengi huwaita "nesi" kwa kuwa ndio wanaoonekana kitandani muda mwingi. Mimi ni muuguzi mstaafu. Miaka yangu mingi niliimalizia wodi ya wazazi.

Usiku mmoja nilikuwa zamu na mhudumu mmoja tu. Nikaitwa chumba cha kujifungulia. Nikatoka mbio huku nikimwambia, "Dada, nipimie presha za hawa waliojifungua jioni." Niliporudi baada ya saa nzima na ushei, nikakuta chati imejazwa, mwandiko umenyooka. Kitanda cha dirishani: presha 80 kwa 50, mapigo 128. Yule mama amelala kimya, kanga imelowa damu hadi kwenye godoro. Tulimkanda mfuko wa uzazi, tukamchoma oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko huo, tukafungua dripu mbili, tukakimbilia damu. Alipona. Nilipomuuliza mwenzangu kwa nini hakuniita, alinijibu kwa upole: "Sista, uliniambia nipime."

Alisema kweli. Sikumwambia kwamba presha ya juu ikishuka chini ya 90, au mapigo yakipita 110, aache kila kitu aje aniite. Sikumwambia afunue kanga aangalie damu. Tena mama mwenyewe alikuwa amejifungua mtoto wa sita, baada ya uchungu wa muda mrefu, mambo yanayoongeza hatari ya kuvuja damu. Huyo nilipaswa kumwangalia kwa macho yangu kabla sijavuka mlango.

Wapo wanaotaka wahudumu wabaki na ndoo na dekio. Siwaungi mkono. Wauguzi hatutoshi, na mhudumu anayemgeuza mgonjwa wa kiharusi kila baada ya saa 2 anamwepusha na vidonda ambavyo vikishaanza huchukua miezi kupona. Aogeshe, apime joto, aandike mkojo. Lakini kuchoma sindano, kuanzisha damu, kuamua kama hali ya mgonjwa imebadilika, hayo ni ya muuguzi. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 ndiye mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na ndiye atakayeulizwa. Hata kulisha kuna mipaka. Mgonjwa huyo huyo wa kiharusi, kama hajapimwa kumeza, kijiko cha uji kinaweza kuishia mapafuni.

Ombi langu ni kwa wakuu wa wodi. Wakati wa makabidhiano ya zamu, wauguzi wakizunguka vitandani, mhudumu mara nyingi huwa nje anafua mipira ya kutandika vitandani. Aitwe ndani. Aonyeshwe mgonjwa wa kumgusa na wa kumwachia sista, aambiwe namba zipi zikitokea aite mara moja, kisha arudie kwa kinywa chake alichoelewa. Yanachukua dakika chache.

Na akija kuita, hata ikiwa si kitu, apokelewe vizuri. Nimewahi kusikia muuguzi akimfokea mhudumu, "Umeniitia hili tu?" mbele ya wagonjwa. Binti yule hakuita tena mtu zamu nzima.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro