Mrudishieni yule mama shamba lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu hadithi ya mfululizo mliyoimaliza Jumapili iliyopita, ile ya jambazi wa Wyoming, Marekani, na mwanamke aliyeishi peke yake kwenye shamba alilopewa na serikali. Nimeifuata tangu sehemu ya kwanza. Hapa Makambako gazeti moja hupita nyumba kadhaa, na majirani zangu wawili wenye macho dhaifu walikuwa wakinisubiri niwasomee. Mwandishi wenu anajua kusimulia mapenzi. Kile kipande cha jambazi kufika usiku na jeraha la risasi, na mama yule akachana shuka yake kumfunga, bado kinazungumzwa huku kwetu.

Kinachoniuma ni mwisho wake. Baada ya miaka minne ya kulima, kuchimba kisima na kulala na bunduki kando ya kitanda, mwanamke anapanda farasi wa jambazi, wanaondoka, nasi tunaambiwa amepata furaha. Shamba halitajwi tena. Miaka minne, Mhariri! Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mambo ya ardhi kijijini, na mtu wa kazi ile hawezi kuusoma mwisho huo moyo ukatulia.

Sheria ya Homestead, aliyoitia saini Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, ilimpa mtu ekari 160 kwa ada ndogo, kwa sharti ajenge, alime na aishi hapo miaka mitano. Akilitelekeza kabla ya muda huo, naye hajalinunua kwa bei ya serikali, madai yake hufutwa na mtu mwingine anaruhusiwa kuliandikisha. Kwa hiyo mama wa hadithi yenu aliacha kila kitu mwaka mmoja kabla ya kupata hati ya umiliki. (Ardhi yenyewe walikuwa wamenyang'anywa Washoshone, Waarapaho na wenyeji wengine. Hilo nalo hadithi imeliruka, na si jambo dogo.)

Tena sheria ile ilimruhusu mwanamke asiye na mume, awe hajaolewa, mjane au ameachika, kuandikisha shamba kwa jina lake mwenyewe. Mwenye mume kwa kawaida hakuruhusiwa, maana mume ndiye aliyehesabiwa mkuu wa kaya. Hebu mwandishi afikirie hapo. Mwanamke anampenda mtu, na akiolewa kabla ya kuandikisha, mlango wa ofisi ya ardhi unafungwa. Mapenzi gani yana mtihani mkubwa kuliko huo? Wala hakuna haja ya kubuni, kwa sababu wapo waliopitia.

Ellen Watson alizaliwa Kanada, akahamia Kansas akiwa msichana, ambako baba yake naye alipata shamba kwa sheria hiyo hiyo. Aliolewa akiwa msichana na mwanamume aliyempiga. Akamkimbia, akadai talaka, akaenda kufanya kazi ya upishi katika nyumba ya wageni mjini Rawlins, Wyoming. Hapo akakutana na Jim Averell, askari wa zamani aliyekuwa na duka na baa kando ya njia ya wasafiri, karibu na mto Sweetwater, na ambaye pia alisimamia posta. Mwaka 1886 waliomba leseni ya ndoa mjini Lander, mbali na nyumbani, na kwenye leseni ile Ellen hakutumia jina la Watson. Kisha hawakumtangazia mtu. Mwaka 1888 aliandikisha shamba lake kwa jina lake, likipakana na la Jim. Wengi waliochunguza habari zao wanaamini waliificha ndoa ili Ellen asipoteze haki ya ardhi, nami naamini hivyo. Mwanamume aliyekubali mkewe aitwe mwanamke asiye na mume, avumishiwe maneno, mradi awe na ekari zake, huyo ndiye ningependa kumsoma kila Jumapili.

Ellen akanunua ng'ombe 28, akazungushia sehemu ya shamba seng'enge. Tatizo ni kwamba eneo hilo lilikuwa na maji, na tajiri wa ng'ombe aitwaye Albert Bothwell alikuwa amezoea kulichukulia kuwa malisho yake. Jim naye hakunyamaza. Miezi michache kabla ya kifo chake aliandika barua kwa gazeti la Casper akiwashambulia matajiri wanaohodhi ardhi ya umma. Ndiyo, Mhariri, barua kwa gazeti kama hii.

Tarehe 20 Julai 1889 wafugaji sita, Bothwell akiwamo, waliingia kwenye shamba la Ellen, wakabomoa ua na kuwaswaga ng'ombe wake. Ellen alikuwa ametoka kununua viatu vya ngozi vyenye shanga kutoka kwa wenyeji waliopiga kambi karibu na mto. Wakamlazimisha kupanda gari la farasi, wakamchukua na Jim, wakawanyonga wote wawili kwenye mti mmoja. Rafiki yao Frank Buchanan alijaribu kuwaokoa kwa bastola, akazidiwa, akakimbia kutoa taarifa. Oktoba kesi ilipofika Rawlins, Buchanan alikuwa ametoweka. Hakuna aliyeadhibiwa. Baadaye mashamba yote mawili yaliishia mikononi mwa Bothwell.

Na magazeti? Gazeti moja la Cheyenne, mji wa matajiri hao, liliandika kwamba aliyenyongwa ni malaya na mwizi wa ng'ombe, likamchanganya na mwanamke mwingine kabisa, na jina la Cattle Kate, yaani Kate wa Ng'ombe, likamganda kwa karibu miaka 100. Hii ilikuwa Wyoming, eneo lililowapa wanawake haki ya kupiga kura tangu 1869.

Ndiyo maana nauliza, katika hadithi yenu jambazi alikuwa nani hasa, na nani alimpa jina hilo? Mwaka 1884 chama cha wafugaji wakubwa wa Wyoming kilifanikisha sheria iliyofanya ndama asiye na chapa, akikutwa malishoni bila mama yake, awe mali ya chama. Mfugaji mdogo aliyemtia chapa ndama wake kabla ya siku rasmi ya kukusanya ng'ombe aliweza kuitwa mwizi. Mwaka 1892 matajiri hao waliajiri wapiga bunduki kutoka Texas, wakawavamia wafugaji wadogo wa wilaya ya Johnson wakiwa na orodha ya watu wa kuuawa. Jambazi wenu angeweza kuwa mtu wa namna hiyo, na mapenzi yao yasingepungua utamu.

Hata kama mwandishi anamtaka jambazi kamili, wa benki na treni, ipo habari ya mwanamke aitwaye Josie Bassett. Alikulia bonde la Brown's Park, ambako jambazi mashuhuri Butch Cassidy alipita akikaribishwa, na inasimuliwa kwamba walipendana. Butch alienda zake. Josie aliolewa mara tano, kisha akajiandikishia shamba Cub Creek, Utah, akajijengea nyumba ya magogo, akaishi hapo karibu miaka 50. Mwaka 1936 alishtakiwa kuiba ng'ombe, naye akaachiwa huru. Alifariki mwaka 1964, mzee kabisa.

Nimekaa mezani na wajane walioambiwa na shemeji zao wafungashe virago kabla arobaini haijaisha, wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawapa haki sawa na mwanamume. Hao ndio wanaosomewa gazeti lenu huku kwetu. Jirani yangu mmoja, nilipomaliza kusoma sehemu ya mwisho, hakuuliza kama jambazi alipona. Aliuliza lile shamba kalichukua nani, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Basi namwomba mwandishi aongeze sehemu moja. Mama yule arudi, amalize mwaka wa tano, aende ofisi ya ardhi na mashahidi wawili wa kuapa kwamba ameishi hapo na kulima. Kama jambazi anampenda, atamsubiri nje. Wakati huo ilitakiwa pia tangazo litoke gazetini kabla ya hati kutolewa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msipokuwa na nafasi ya sehemu nzima, chapeni hata hilo tangazo, na jina lake liandikwe lote.

Msomaji wenu,
Karani mstaafu, Makambako