Phobos si "jiwe tu"

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya juma lililopita kuhusu chombo ambacho shirika la anga za juu la Japani, JAXA, linakiandaa kwenda Phobos, mmoja wa miezi miwili ya sayari ya Mirihi. Nakubaliana na mwandishi kwamba safari hiyo ni ya gharama kubwa, lakini pale alipouita mwezi huo "jiwe tu" aliipita njiani habari yenyewe.

Ni kweli kwamba Phobos haufanani na mwezi tunaoutafuta kwa macho upande wa magharibi Ramadhani ikikaribia. Upana wake ni kilomita 22 hivi, umbo lake ni la mbatata, na mvutano wake ni dhaifu kiasi kwamba gunia la mchele la kilo 50 lingelemea huko kama gramu 30 za hapa, hivyo chombo kitakachotua kwa pupa kitadunda badala ya kutulia. Wasovieti walituma vyombo viwili mwaka 1988: cha kwanza kilipotea njiani kwa sababu ya amri yenye kosa iliyotoka ardhini, na cha pili kikanyamaza Machi 1989, kikiwa kimekwisha kuukaribia. Kile cha Warusi cha 2011 hakikutoka hata kwenye mzingo wa Dunia, yaani njia ya kuizunguka.

Hata hivyo, lililonifanya nishike kalamu ni jambo ambalo mtu wa Mombasa, anayejua bamvua na maji mafu tangu utotoni, angelielewa upesi kuliko wengi. Dunia hujizungusha haraka kuliko Mwezi unavyoizunguka, kwa hiyo maji yaliyojaa hutangulia mbele yake na kuuvuta, nao husogea mbali nasi kwa sentimita 3.8 hivi kila mwaka. Phobos huizunguka Mirihi kwa saa 7 na dakika 39, ilhali siku ya Mirihi ina zaidi ya saa 24. Hapo mambo hugeuka, kwani mwamba wa Mirihi uliovimba kwa mvutano wa Phobos hubaki nyuma na kuurudisha mwezi, nao unashuka kwa takriban mita 1.8 kila miaka 100. Baada ya miaka milioni 50 hivi utaanguka au utavunjika kuwa pete ya kuizunguka Mirihi.

Asili yake ndiyo inayobishaniwa. Weusi wake unafanana na wa asteroidi fulani, yaani miamba inayolizunguka Jua, jambo linaloashiria kuwa ulinaswa na mvutano wa Mirihi ukipita. Lakini mzingo wake wa karibu duara, juu ya ikweta ya Mirihi, hauelekei kuwa wa kitu kilichonaswa, na wengine husema ni kifusi cha mgongano mkubwa uliowahi kuipata sayari hiyo. Wajapani wanakusudia kuleta angalau gramu 10 za udongo, kama vijiko viwili vya chai, ambazo huenda zikaumaliza ubishi huo. Mwandishi wenu alizipigia hesabu gharama zake bila kutuambia zinatafutiwa nini.

Jambo dogo la mwisho: picha mliyoichapisha juu ya makala ilikuwa ya Mwezi wetu sisi, mviringo kama sinia. Picha za karibu za Phobos zipo tangu chombo cha Marekani, Mariner 9, kilipofika Mirihi mwaka 1971.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa