Risala ya Kikundi cha Vijana Watunzi wa Programu Huria, Chake Chake, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa masheha, walimu wetu, wazee na wanakikundi wenzetu, Assalaam alaykum.

Karibu sana Pemba. Tunajua umeacha shughuli nyingi ukavuka bahari kwa ajili yetu, nasi hatutakuchosha.

Tulianza vijana 5 na kompyuta 2, katika chumba tulichoazimwa na skuli. Leo tuko 14. Kwa muda mfupi tumepiga hatua kubwa mno: tumetunga programu ya kutia sahihi ya kidijitali kwenye barua, na tumepeleka ng'ambo marekebisho matatu ya draiva huria, yaani programu za kuendeshea vifaa ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote. Moja limepokelewa. Hiyo ni fahari ya Pemba nzima.

Mheshimiwa, kilio chetu ni visoma kadi.

Kadi yenye chipu hutunza ufunguo wa siri wa kutilia sahihi ya kidijitali, na ufunguo huo hautoki nje. Sahihi hutiwa humo humo kadini. Draiva ndiyo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kisoma kadi, wala haiandikwi kwa kukisia, maana kila kisoma kadi kina tabia zake, hata kikiwa kinafuata kanuni ile ile ya CCID, ya pamoja kwa visoma kadi vya USB. Lazima kiwepo mezani kipimwe. Sisi tunacho kimoja tu, watu 14, na waya wake tumeufunga utepe. Kadi nazo zimebaki 2. Kadi ya OpenPGP, kanuni ya wazi ya kutia sahihi na kuficha ujumbe, ikikosewa namba ya siri mara 3 hujifunga, na anayejifunza hukosea. Hatuwezi kumwomba mzazi kitambulisho chake cha Mzanzibari tukakijaribie.

Miaka mitatu iliyopita, mgeni rasmi aliyekaa hapo ulipokaa alituahidi visoma kadi 10 kabla ya Mfungo Mosi. Tulisimama tukampigia makofi. Aliyemfuatia alichukua orodha yetu, akapigwa picha nayo. Tumeandika barua 4, tukajibiwa moja: suala letu linafanyiwa kazi. Tunashukuru kwa kukumbukwa, wala hatumlaumu mtu. Ila wenzetu wawili wameshakata tamaa, wameondoka.

Kwa heshima kubwa tunaomba visoma kadi 10, kadi tupu 40 za kujaribia, na barua yako ili mzigo usikwame bandarini. Fedha taslimu hatuombi. Bei zote anazo katibu.

Tunaomba pia, Mheshimiwa, ututajie tarehe leo, mbele ya wazee hawa. Mwisho wa risala hii tumeacha nafasi ya kuiandika, na kalamu ipo mezani.

Ahsante. Tunaomba kuwasilisha.